Kufungua biashara ndogo Lamu: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila wiki kuna mtu anayebisha kwetu mtaani Langoni, simu mkononi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mmoja anauza visheti, mwingine ana mashua ya wageni, wa tatu ni mama aliyerithi cherehani mbili na anataka kushona sare za shule. Maswali yao yanafanana mno hata nimeona niyaandike, pamoja na majibu ninayowapa nikiwa nao ana kwa ana.

Nauza mahamri na mbaazi barazani kwangu kila asubuhi. Kweli nami nahitaji kusajili?

Watu wengi huchanganya mambo mawili. La kwanza ni kusajili jina la biashara, na hilo ni la serikali kuu. La pili ni leseni ya biashara, na hiyo ni ya kaunti. Unaweza kuhitaji moja bila nyingine.

Ukiuza kwa jina lako mwenyewe kama lilivyo kwenye kitambulisho, sheria ya majina ya biashara haikulazimishi kusajili chochote. Ukibandika jina jingine, kama vile "Mahamri ya Asubuhi", hapo unalisajili. Leseni ya kaunti yahusu kila anayefanya biashara, awe na jina lililosajiliwa au asiwe nalo. Na kwa kuwa wewe unauza chakula, kuna cheti cha afya pia, ambacho nitakieleza chini.

Kwa hiyo, bibi, anza na afya na kaunti. Jina lisubiri mpaka siku utakapotaka akaunti ya benki ya biashara, au shule ikitaka uipikie kila wiki na ikakuomba karatasi.

Nichague jina la biashara, kampuni, au kikundi?

Jina la biashara ndilo jepesi na ndilo rahisi kwa bei: ada yake haifiki shilingi 1,000. Ila lijue vizuri. Wewe na biashara ni kitu kimoja. Biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe, na anayekudai anaweza kuifuata mali yako.

Kampuni ina nafsi yake mbele ya sheria. Tangu Sheria ya Kampuni ya 2015 hata mtu mmoja anaweza kuunda yake. Ada yake inapita shilingi 10,000, na kila mwaka kuna taarifa za kupeleka kwa msajili. Kwa duka la reja reja sioni haja. Kwa nyumba ya wageni yenye mkopo mkubwa, au kazi ya ujenzi kule bandarini Kililana ambako ukikosea unadaiwa mamilioni, ningechukua kampuni.

Kikundi ni njia ya kina mama wanaosuka mikeka pamoja au vijana wa kuchonga. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, mnatakiwa muwe watu wasiopungua 10, na mnasajiliwa kwenye afisi ya maendeleo ya jamii. Andikeni katiba yenu wenyewe kwa lugha mnayoielewa nyote. Nimeona vikundi vilivyonakili katiba ya watu wengine pamoja na majina yao.

Jina la biashara nalisajili wapi?

Kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kupitia huduma ya usajili wa biashara, yaani BRS. Huna haja ya kwenda Mombasa wala Nairobi. Unahitaji kitambulisho, pini ya KRA (nambari yako ya mlipa kodi), picha ndogo, nambari ya simu, barua pepe, na anwani ya mahali utakapofanyia kazi. Andika majina kadhaa kwa mpangilio wa unavyoyapenda, kwa sababu la kwanza mara nyingi limeshachukuliwa. Malipo ni kwa simu, kupitia nambari moja ya serikali, 222222, na cheti kinarudi hapo hapo kwenye akaunti yako, kwa kawaida baada ya siku chache. Kama huna kompyuta, nenda Huduma Centre au kwa mtu wa saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti.

Kuhusu saiba nina neno, na nalisema kwa uchungu kwa sababu limetufika nyumbani. Mama yangu alisajiliwa duka lake la ushonaji na kijana mmoja wa kompyuta. Kijana alifanya haraka na kwa adabu, akachapa cheti, mama akakitundika ukutani juu ya cherehani. Miaka miwili baadaye mama alitaka kuomba zabuni. Tukajaribu kuingia kwenye akaunti yake ya eCitizen, na ile nambari ya kuthibitisha ikawa inatumwa kwenye simu ya kijana, ambaye alikuwa ameshahamia bara na laini ameitupa. Barua pepe pia ilikuwa yake. Zabuni ikatupita. Ilituchukua wiki nyingi za barua na viapo kuirudisha akaunti kwa mwenyewe.

Basi ukikaa mbele ya kompyuta ya mtu, laini ya simu iwe yako, barua pepe iwe yako, na neno la siri uliandike wewe kwa kidole chako huku yeye ametazama pembeni. Ukimaliza, mwambie atoke kwenye akaunti nawe ukiona. Cheti nacho kiweke nakala kwenye barua pepe. Hewa yetu ya chumvi hula karatasi: cha mama kilikuwa kimebaki manjano na muhuri hausomeki.

Nikisajili jina, hakuna mwingine wa kulitumia?

Msajili hatampa mwingine jina lile lile. Lakini nembo na jina la bidhaa yako havilindwi na cheti hicho. Kama halua yako inauzwa mpaka Malindi kwa jina lako kwenye kibati, hiyo ni alama ya biashara, na husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya kulinda alama na uvumbuzi.

Leseni ya kaunti naipata vipi, na ni pesa ngapi?

Bei inatoka kwenye sheria ya fedha ambayo bunge la kaunti hupitisha, na inaweza kubadilika mwaka kwa mwaka, kwa hiyo bei ya jirani ya mwaka juzi isikutie moyo wala isikuvunje. Inategemea aina ya biashara, idadi ya wafanyikazi, ukubwa wa nafasi na mahali ulipo. Duka la Usita wa Mui na duka la Basuba si daraja moja. Ukiwa na maduka mawili, ni leseni mbili.

Anza kwa msimamizi wa wodi yako. Nawaambia hasa watu wa Faza, Kizingitini na Kiunga: nauli ya boti kuja mpaka Amu, yaani mji wa Lamu, au Mokowe ni pesa, na safari ikiwa ya bure ni siku nzima imekwenda. Piga simu kwanza, uliza wanataka karatasi gani, uje nazo zote. Kwa kawaida ni kitambulisho, pini, cheti cha jina kama unacho, na mkataba wa kupanga au uthibitisho kwamba mahali ni pako.

Unapolipa, lipa kwenye akaunti ya kaunti na uchukue risiti. Pesa usiziweke mkononi mwa mtu, hata akiwa amevaa sare na hata akiwa mtoto wa jirani. Soma risiti kabla hujaondoka: jina lako, aina ya biashara, mwaka. Mzee mmoja wa Shella alilipia kama "hoteli" naye ana meza moja ya sharubati.

Askari wa kaunti wakinikuta sina?

Wanaweza kukufungia na kukupeleka kortini. Kama umeshalipa na leseni haijatoka, onyesha risiti. Kama hujalipa, sema ukweli, uliza afisi gani na lini, uende.

Nauza chakula. Afya wanataka nini?

Kila anayegusa chakula, pamoja na yule mpwa wako anayesaidia kukanda unga, apimwe na awe na cheti cha mshika chakula. Cheti hicho hudumu miezi 6, kisha unapimwa tena. Halafu afisa wa afya ya umma anakuja kukagua mahali: maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, choo, taka, chakula kimefunikwa.

Visiwani shida kubwa ni maji. Kama unatumia maji ya kisima, afisa atauliza unayatibu vipi. Mama ninayemheshimu sana hapa Langoni alikuwa na jibu lake tayari: pipa lenye mfuniko na bomba chini, maji yamechemshwa usiku, na kata ya kuchotea haiingii ndani ya pipa kamwe. Afisa alisimama akatazama, akaandika, akaondoka. Hakukuwa na vigae wala sinki la chuma.

Ukipakia chakula kwenye pakiti na kukipeleka madukani, kama achari, pilipili ya maembe au visheti vya kufunga, hapo linaingia shirika la viwango, KEBS. Uliza kuhusu alama ya wafanyabiashara wadogo kabla hujachapisha lebo elfu moja.

Na mizani yangu?

Mizani na vipimo vyote vya kuuzia hukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka. Wauza samaki hulisahau hili kuliko watu wote.

Duka langu liko ndani ya Mji wa Kale. Naweza kuvunja ukuta nipanue mlango?

Usiguse kitu kabla hujauliza. Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inaulinda. Mabadiliko ya jengo, na hata kibao cha nje, hupitia kwa watu wa uhifadhi wa Makumbusho ya Taifa pamoja na idara ya mipango ya kaunti. Peleka mchoro, hata wa mkono, na picha za jengo lilivyo sasa.

Najua wenye maduka huona hili kama usumbufu. Mimi naliona kwa jicho jingine. Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, na dari ni boriti za mikoko. Ukizipaka simenti, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda ndani, na baada ya misimu michache plasta inaanguka na boriti zinaoza kwenye ncha zilizozama ukutani. Fundi wa chokaa ni ghali zaidi leo na ni rahisi zaidi baada ya miaka kumi. Na mgeni anayekuja kununua kofia kwako amekuja kwa sababu ya ukuta huo.

Nyumba ni ya mirathi. Ndugu zangu wako Mombasa na Oman. Nifungue tu?

Duka likiwa dogo hakuna anayesema. Likianza kuleta faida, simu zinaanza. Kabla hujatia pesa kwenye ukarabati, andikeni makubaliano: nani anatumia chumba gani, kwa muda gani, kodi ni kiasi gani na inagawanywa vipi. Kila mrithi atie sahihi, na wa mbali atume kwa simu huku mashahidi wakiona. Makubaliano hayo ndiyo pia utakayoonyesha kaunti. Kama jengo ni wakfu, zungumza na msimamizi wake na upate mkataba wa maandishi. Ruhusa ya mdomo ya mtu mmoja wa familia haitoshi.

KRA watanitoza kiasi gani?

Hapa vuta kiti, ndugu yangu.

Kama mauzo yako ya mwaka ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25, unaingia kwenye kodi ya mauzo. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo yote, hulipwa kila mwezi, si zaidi ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Zingatia neno mauzo. Si faida.

Chukua duka la sukari, unga na mafuta linalouza shilingi 120,000 kwa mwezi. Kodi ya mauzo ni shilingi 3,600 kwa mwezi, yaani 43,200 kwa mwaka. Sasa tazama faida. Bidhaa hizo zina faida nyembamba, tuseme asilimia 10, na boti ya kuzitoa Mokowe umeshailipa. Faida ya mwaka ni 144,000. Mtu huyo angelipa kodi ya kawaida ya mapato badala yake, asingedaiwa kitu: shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, na kila mkaazi ana nafuu ya shilingi 28,800, ambayo inaimeza kodi hiyo yote, mradi hana mshahara kwingine ulioshaitumia nafuu.

Sheria inaruhusu mtu kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki kuwa kwenye kodi ya mauzo. Sharti lake ni kuweka hesabu: ulichonunua, ulichouza, nauli, kodi ya chumba, na karatasi ya kila kimoja. Anayeuza huduma, kama kinyozi au mchora hina, matumizi yake ni madogo na faida ni kubwa. Yeye asilimia 3 inaweza kumfaa. Kaa na daftari lako miezi mitatu kabla hujaamua.

Mauzo yakiwa chini ya milioni 1, huna kodi ya mauzo, ila ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato yako kwa KRA, lazima uijaze kufikia Juni 30. Yakifika milioni 5, kuna kujisajili kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani.

Sijaanza kuuza. Pini niliichukua tu kwa ajili ya kazi. Bado nijaze ritani?

Ndiyo, ritani ya sufuri, yaani ya kusema hukupata kitu, kila mwaka. Faini ya mtu binafsi kwa kuchelewa ni shilingi 2,000 au zaidi, na inajirudia kwa kila mwaka ulioruka. Vijana wetu wengi huja kufungua biashara wakakuta deni la miaka minne kwa biashara ambayo haijawahi kuuza hata sindano.

Hoteli inasema hainunui mikeka yangu bila eTIMS. Ni nini?

Ni ankara inayopita kwenye mfumo wa KRA. Tangu Januari 2024, mnunuzi mwenye biashara asiyekuwa na ankara hiyo hawezi kuhesabu alichonunua kama gharama anapopiga hesabu ya kodi, ndiyo maana hoteli inasisitiza. Si lazima ununue mashine. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuitoa kwa simu ya kawaida kupitia *222#, akiwa na pini yake. Mara ya kwanza itakusumbua, ya tatu utaifanya umesimama gatini ukisubiri boti.

Nataka kubeba wageni kwa mashua, au kuwalaza nyumbani.

Mashua ya abiria hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na kila abiria awe na jaketi la kuokolea maisha. Jaketi ziwe zinazofaa, pamoja na za watoto. Mwaka hauishi bila habari ya chombo kilichopinduka, na kila mmoja wetu ana jina moja moyoni.

Nyumba ya wageni na mkahawa vinasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, na kuna tozo ya asilimia 2 kwa Mfuko wa Utalii. Kupangisha vyumba kupitia intaneti hakukutoi kwenye sheria hiyo. Mvuvi na mchuuzi wa samaki waanze kwa BMU, chama cha wavuvi cha bandari yao, ambayo itawaelekeza kwenye leseni za uvuvi.

Nikiajiri kijana mmoja?

Mwandikie mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Kuna NSSF ya akiba ya uzeeni, kuna SHA ya bima ya afya, asilimia 2.75 ya mshahara wake, na tozo ya nyumba asilimia 1.5 kwake na asilimia 1.5 kwako. Lipa mapema mwezi unaofuata, usipite tarehe 9.

Mtaji nitautoa wapi, na mimi sitaki riba?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami naliheshimu. Hazina ya Hustler, mkopo wa serikali wa kwenye simu, ina riba ya asilimia 8 kwa mwaka, kwa hiyo anayejiepusha na riba ajue hivyo kabla hajabonyeza. Mfuko wa Uwezo, kwa vikundi vya vijana, kina mama na watu wenye ulemavu, hauna riba ila ada ya usimamizi. Muulize sheikh wako kuhusu ada hiyo kama una wasiwasi. Ziko benki zinazofanya kazi kwa taratibu za Kiislamu. Na iko njia ya wazee wetu, mmoja kutoa mali na mwingine kutoa kazi, faida wakagawana. Majahazi mengi ya hapa yalijengwa hivyo. Ifanye kwa maandishi, na andikeni pia hasara itakuwa ya nani.

Ukiwa umesajiliwa na wewe ni kijana, mwanamke au mtu mwenye ulemavu, omba cheti cha AGPO, mpango wa kuwapa makundi haya zabuni za serikali. Asilimia 30 ya manunuzi ya serikali imetengwa kwa makundi haya. Sare za shule, chakula cha semina, samani za afisi, vyote vimo.

Lazima niwe na tili (nambari ya duka ya kupokelea malipo) ya M-Pesa?

Hapana. Unaweza kuanza na Pochi la Biashara kwenye laini yako bila cheti. Muhimu ni pesa za duka zisichanganyike na za nyumbani, maana KRA wakiuliza, utashindwa kueleza ada ya madrasa iliyoingia kama mauzo.

Nianze mwezi gani?

Leseni ya kaunti huisha Desemba 31. Ukiilipia Novemba, mwezi mmoja tu na unalipa tena. Lakini anayeuzia wageni hawezi kusubiri Januari, kwa sababu wageni huja na kaskazi, na kusi ikianza kuvuma mwezi wa Aprili njia nyingi hutulia mpaka karibu Agosti. Ushauri wangu kwa wa utalii: jina, pini na ruhusa ya Makumbusho zishughulikiwe wakati wa kusi, ukiwa na nafasi, ili Oktoba ikifika ubaki na leseni peke yake. Anayeuza chakula cha futari afikirie Ramadhani, na asisahau kwamba mchana wa mwezi huo jikoni ni kimya.

Na biashara ikikataa?

Ifunge pia kwa karatasi. Peleka taarifa ya kusitisha jina kwenye eCitizen, iarifu kaunti kwa maandishi kabla mwaka mpya haujaanza, na uombe KRA waondoe kodi ya mauzo kwenye pini yako. Pini yenyewe inabaki, na ritani ya sufuri inaendelea kila Juni. Mtu aliyefunga duka la viatu kwa kufuli tu alikuja kwetu na madai ya miezi 18 ya ritani ambazo hazikujazwa. Tuliandika barua tukaambatisha picha ya chumba kitupu na barua ya mwenye nyumba ikitaja tarehe aliyorudishiwa ufunguo. Kama unafunga wiki hii, mwombe mwenye nyumba akuandikie barua hiyo siku ile ile unapomkabidhi.